Mlima Haukutokea: Maelezo Kuhusu Mgeni wa Siku Mbili Mjini Moshi

Miongoni mwa watu wote wanaoteremka katika stendi ya mabasi ya Moshi, aliye mgumu kuliko wote kumhudumia, na kwa hiyo anayestahili kuchunguzwa kwa makini, ni mgeni wa siku mbili. Kwa istilahi hii anakusudiwa mtu aliyefunga mlango wa ofisi yake, mara nyingi Dar es Salaam, akiwa ameapa kuonekana tena ofisini humo Jumatatu asubuhi, na ambaye kati ya nyakati hizo mbili amejipangia kuuona Mlima Kilimanjaro, kuoga chini ya maporomoko ya maji, kunywa kahawa palepale inapolimwa, kuonja mbege, kununua mitumba, kupiga picha na nyani na, juu ya yote hayo, kupumzika. Hana budi kutofautishwa na mpanda mlima, ambaye huja na siku zake sita au saba, wapagazi wake na pumzi yake. Na atofautishwe pia na mwenyeji anayerudi nyumbani mwezi wa Desemba, ambaye hahesabiwi kuwa mgeni hata kama amekwisha kusahau njia ya kwenda kwao. Methali humpa mgeni siku mbili za kula bure kabla ya kukabidhiwa jembe siku ya tatu, na mtu asiye na siku ya tatu angetazamiwa kuwa na raha kuliko wageni wote. Lakini hali halisi ni kinyume, kwa kuwa jembe analosamehewa na wenyeji hujitwika mwenyewe, nalo ni ratiba.

Mikasa huanza kabla ya mji wenyewe. Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 550 za barabara inayopita Chalinze, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga na Himo, na kwa kuwa vijiji vilivyo kandokando yake vina vibao vya mwendo wa kilomita 50 kwa saa, na vibao vingi navyo vina askari wake, basi linaloondoka asubuhi huimaliza siku nzima barabarani. Njiani kuna mahali pa kula, ambapo dakika kumi zinazotangazwa na kondakta huwa kumi za kweli kwa abiria aliyeagiza chipsi na huwa thelathini kwa dereva aliyeagiza wali. Na kuna mahali pa kuchimba dawa, ambalo ndilo jina la heshima la abiria kujitenga vichakani kwa haja ndogo, shughuli ambayo kwa miaka yote iliyofanyika haijapata kuponya mgonjwa yeyote. Wapo wanaochagua treni, ambayo huduma yake ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilirejea Desemba 2019 baada ya reli hiyo kukaa miaka mingi bila abiria, nao husifu upepo na mashamba ya mkonge ya Korogwe. Ila treni ina siku zake na mwendo wake, na mwenye siku mbili akiipanda anaweza kujikuta amezitumia zote ndani ya behewa.

Anapoteremka hatimaye, mgeni hutambulika kwa koti. Amesoma shuleni kwamba Kilimanjaro una theluji, akahitimisha kwamba Moshi kuna baridi, asikumbuke kwamba mji uko kati ya mita 800 na 900 tu juu ya usawa wa bahari, theluji ikiwa karibu kilomita tano juu ya kichwa chake. Na akifika mwezi wa Januari au Februari, wakati joto la mchana hupita nyuzi 30 bila shida, atakuwa mtu pekee stendini aliyevaa koti la pamba, akifuta jasho kwa ncha ya skafu. Wapiga debe, yaani vijana wanaoita abiria kwa ujira, humwona kutoka mbali na humkaribisha kwa moyo safi katika teksi ambayo hakuiomba.

Kitu kikubwa kinachomleta ni mlima, na kitu kikubwa anachokikosa ni mlima huohuo. Kilimanjaro una vilele vitatu, yaani Kibo chenye mita 5,895, Mawenzi chenye mita 5,149, na Shira ambacho kilikwisha kulika zamani za kale hata kikabaki kuwa uwanda. Na mtu mwenye akili timamu hudhani kwamba kitu cha ukubwa huo hakiwezi kufichwa. Kufichika kwake kuna sababu ya kisayansi, wala hakutokani na kinyongo juu ya mtu wa Dar es Salaam. Jua linapopanda, hewa ya tambarare hupata joto ikapaa kando ya miteremko, ikibeba unyevu wa mashamba na wa msitu mnene unaouzunguka mlima kama mkanda. Ikifika juu hupoa, unyevu wake hugeuka mawingu, na siku nyingi za mwaka, kabla ya saa sita mchana, mlima huwa umekwisha kujifunika gubigubi na haujifunui mpaka jua linapokaribia kutua. Kwa hiyo Kilimanjaro huonekana kwa zamu mbili, ya alfajiri na ya jioni. Katika zamu ya kwanza mgeni wa siku mbili bado amelala kwa uchovu wa basi, na katika zamu ya pili amekaa ndani ya baa, mgongo ukiwa umeelekea dirishani, akimsubiri kuku wa kuchoma aliyemwagiza saa tisa. Hesabu ya nafasi zake si ngumu: mapambazuko mawili na machweo mawili hufanya nafasi nne; moja huliwa na safari ya kurudi, na zilizobaki, akija wakati wa masika kuanzia Machi hadi Mei, huliwa na mvua.

Ni wakati huu ambapo mwenendo wa wenyeji huwa wa kustaajabisha. Mwenyeji akiulizwa mlima uko wapi hasiti hata kidogo. Hunyoosha mkono kuelekea kaskazini, kwenye wingu jeupe lisilo tofauti na mengine yote, akasema, "Si ule pale," kwa sauti ya mtu anayeonyesha nyumba ya jirani. Akibishiwa, huongeza kwamba asubuhi ulikuwepo, na kwamba jana ndiyo ulikuwa umetoka kabisa, mpaka barafu yake ikawa inahesabika. Mgeni hupiga picha ya wingu, akaituma kwa jamaa zake pamoja na maelezo marefu, na wao humjibu kwa kumuuliza anga ya wapi hiyo. Hatimaye hutulia mbele ya meza ya baa na kugundua kwamba mlima unaonekana vizuri, kileleni hadi chini, bila wingu hata moja, kwenye chupa ya bia.

Mji wenyewe hauna makuu, nao hutembelewa kwa miguu kwa saa chache, kuanzia Mnara wa Saa hadi Soko Kuu. Sifa yake inayojulikana nchi nzima ni usafi, na hapo ndipo mgeni aliyezoea mitaa mingine hupata aibu ya kwanza, kwani akiangusha ganda la muwa barabarani huku akitazama maduka, wa kwanza kumkemea huwa si mgambo bali mpita njia, pengine mama mwenye kikapu kichwani, anayesimama, akalitazama ganda, akamtazama mwenye ganda, kisha akasubiri. Mgeni huliokota. Ameonekana mmoja aliyetembea na ganda lake hadi chumbani kwake kwa kutokuona pipa na kwa kutokuthubutu kuuliza.

Jambo jingine la mjini ni namna ya kuitana. Mangi, katika historia ya Wachaga, alikuwa mtawala wa eneo lake, mwenye baraza na askari wake, mpaka serikali ya Tanganyika huru ilipouondoa utawala wa machifu; lakini Dar es Salaam jina hilo limeshuka cheo na kuwa la mwenye duka la rejareja, hata mtoto hutumwa "kwa Mangi" kununua sabuni ya mche. Mgeni aliyekua katika desturi hiyo huingia duka la kwanza analoliona mjini Moshi na kumwita mwenye duka Mangi, akidhani kwamba anaonyesha kuzifahamu mila za mahali. Kumbe mwenye duka ni Mpare wa Same, ambaye hulipokea jina hilo kwa ukimya, na bei ya maji hupanda kidogo.

Kahawa ina mkasa wake peke yake, tena unaohitaji historia kidogo. Mikahawa ililetwa mlimani na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, ikapendwa na wakulima Wachaga kwa kiasi cha kuwatia wasiwasi walowezi, na mwaka 1925 wakulima hao wakaunda chama chao, ambacho mwaka 1933 kilifuatwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Wenyeji wa Kilimanjaro, KNCU, mojawapo ya vyama vya ushirika vikongwe barani Afrika. Makao ya Bodi ya Kahawa yako Moshi, mnada wa kahawa uko Moshi, chuo kikuu cha ushirika kiko Moshi. Mtu angedhani kwamba mabomba ya mji huu yanatoa kahawa. Mgeni aliyejaa elimu hii yote huketi kwa mama lishe karibu na soko la Mbuyuni, akaomba kahawa ya hapahapa, naye huletewa chupa ya maji ya moto, kijiko, na kopo la kahawa ya unga ambalo maandishi yake yanasema limetoka Bukoba. Wala hakuna udanganyifu uliofanyika. Arabika ya mlimani hulimwa, huchumwa, hukobolewa, huonjwa na wataalamu wanaoivuta kwa kijiko kwa kelele kisha wakaitema, hupigwa mnada na kusafirishwa kwenda Ulaya, Japani na Marekani, na aliyeilima hunywa chai ya maziwa. Katikati ya mji ipo migahawa inayokaanga na kusaga kahawa ya mlimani palepale, tena nzuri sana, ila bei yake humfanya mgeni aulize kama kikombe nacho ni chake.

Kuhusu soko la mitumba la Memorial maneno machache yanatosha: mgeni aliyekuja na koti zito hununua koti jingine.

Baada ya mji huja miteremko, na hapo ratiba huanza kuvunjika vipandevipande. Maporomoko ya Materuni yako juu, upande wa Uru, kaskazini mwa mji. Chemchemi za Chemka, kwenye mto Kikuletwa, ziko chini, katika tambarare ya wilaya ya Hai, kusini magharibi. Na mgeni wa siku mbili, aliyeyaona majina yote mawili katika karatasi moja, huyapanga yote Jumamosi. Asubuhi hupanda Materuni akiwa na utelezi miguuni, hupita katikati ya vihamba, hufika mbele ya maji yanayodondoka kwenye ukuta wa mwamba kutoka juu sana, maji ambayo yameshuka kutoka kwenye msitu wa mlima na hayajapata nafasi ya kupashwa joto popote, na yule aliyeapa kuoga huingiza kidole kimoja cha mguu, akakitoa, akasema kwamba mandhari ni nzuri. Mchana hukimbizwa Chemka, ambako kuna bwawa la maji ya bluu yasiyo na doa chini ya mikuyu mikubwa. Pahali hapo wengi hupaita Maji Moto ingawa maji yake ni ya uvuguvugu tu, na aliyekuja na mayai mabichi akitaraji kuyachemsha hurudi nayo yakiwa mabichi. Hapo mgeni huoga kweli, hufurahi kweli, kisha hupanda bodaboda akiwa bado ana maji mwilini, kwenye barabara ya vumbi, na kufika mjini akiwa na rangi moja kuanzia nywele hadi viatu.

Kihamba, ambacho mgeni hupita ndani yake mara nyingi bila kujua, ni shamba la nyumbani la familia ya Kichaga, lenye migomba juu, mikahawa kivulini, magimbi chini zaidi, ng'ombe bandani na makaburi ya wazee palepale. Na mpaka wake huwa ni ua wa masale, mmea wa majani marefu ambao pia hupelekwa kwa mtu aliyekosewa pale mtu anapoomba msamaha. Maji ya kihamba huletwa na mfongo, yaani mfereji uliochimbwa na vizazi vilivyopita kuchepusha maji ya mto na kuyapeleka mashambani kwa kufuata mteremko tu, bila pampu. Na mfongo una zamu, ambazo hujulikana na kila nyumba na hugombaniwa kwa uzito kuliko mahari. Mgeni anayeona maji safi yakipita, akachutama kuosha viatu vyake vyenye tope, huwa hajui kwamba anaoshea viatu ndani ya zamu ya mtu. Mwenye zamu hujitokeza kutoka kwenye migomba. Jani la sale, kwa bahati nzuri, huwa liko karibu.

Usuluhishi wa aina hiyo mara nyingi humalizikia kwenye mbege. Mbege ni pombe ya ndizi mbivu zilizopikwa zikaachwa siku kadhaa, zikachujwa na kuchanganywa na uji wa kimea cha ulezi, huku magome ya msesewe yakitiwa ili kuipa uchungu wake; hunywewa katika kata, ambayo ni chombo cha kibuyu kilichokatwa, na desturi ni kwamba mwenyeji huonja kwanza, kuthibitisha kwamba haina baya, kisha kata ikazunguka. Kosa la mgeni ni la kimantiki. Huona kinywaji kizito chenye chembe za ulezi, kitamu kidogo, kichachu kidogo, cha uvuguvugu, akakiweka katika kundi la uji, na kwa kuwa hajala tangu asubuhi, akakinywa kwa kipimo cha uji. Wazee, ambao huitwa meku kwa heshima, humtazama kwa upendo. Baada ya kata ya tatu huanza kuwaamkia kwa Kichaga alichofundishwa na dereva wa bodaboda, asijue kwamba Kichaga cha Rombo si cha Machame, wala cha Machame si cha Uru, na kwamba salamu aliyoibeba kutoka upande mmoja wa mlima inaweza kufika upande wa pili ikiwa kichekesho. Neno "aika", yaani asante, ndilo linalomfaa, nalo lingemtosha. Zamu ya jioni ya mlima, siku hiyo, humpita akiwa amelala kwenye benchi.

Upo mwinuko mmoja usioingia katika maelezo haya ya kuchekesha, nao hutajwa hapa kwa sababu wageni wengi huupita bila kuuliza. Huko Old Moshi, ambako ndiko Moshi ya kwanza ilikuwa kabla reli ya kutoka Tanga haijafika chini na kuuvuta mji kwenda nayo, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine, na inaaminika kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Jamaa zake wamekitafuta kwa miongo mingi. Mahali hapo pana kumbukumbu yake. Anayefika huko avue kofia, naye asiulize kama kuna mgahawa.

Inabaki Rau, ambayo ndiyo sehemu inayomfaa hasa mgeni wa siku mbili, na ambayo kwa sababu hiyohiyo huwa haimo katika ratiba yake. Ugumu wa kwanza ni wa kuifikia. Rau ni mto unaoshuka kutoka mlimani na kupita mashariki ya mji. Rau ni kata ya Manispaa ya Moshi, yenye nyumba, makanisa na maduka, iliyo upande wa kuelekea mlimani. Rau ni msitu, ulio upande mwingine kabisa, chini, kusini mashariki mwa mji. Na huko chini zaidi, penye mpunga, ipo Rau ya Kati. Mgeni humwambia dereva wa bodaboda, "Nipeleke Rau," na dereva, ambaye kazi yake si kuhoji watu, humpeleka Rau Madukani. Hapo mgeni, akiwa na darubini shingoni, humuuliza mama anayeuza nyanya mbega wako wapi. Mama hufikiri kwa uaminifu, akawauliza wenzake wawili, na jibu linalopatikana baada ya mashauriano ni kwamba kwa mambo ya namna hiyo ni afadhali amwone mwenyekiti wa mtaa.

Msitu wenyewe ni hifadhi yenye takriban hekta 570, na wataalamu huuita msitu wa maji ya ardhini, kwa maana kwamba uhai wake hautegemei sana mvua inayoudondokea bali maji yaliyo karibu sana na uso wa ardhi: mvua na ukungu wa mlimani huzama katika miamba ya volkano, hutembea chini kwa chini, kisha huibuka chini ya mlima kama chemchemi. Ndiyo maana tambarare za jirani zikikauka na kuwa na rangi ya kahawia, Rau hubaki kijani. Humo mna mivule mikubwa ambayo watu kadhaa wakishikana mikono hawaizunguki, na mna mti uitwao msoo, ambao jina lake la kitaalamu ni Oxystigma msoo na ambao hupatikana katika sehemu chache mno duniani. Mgeni aliyelalamika tangu Jumamosi kwamba hakuuona mlima huwa, wakati huu, amesimama ndani ya maji yake hadi kwenye vifundo. Na ukifikiri vizuri, alikuwa amekwisha kuoga ndani ya mlima huo, kuunywa kwenye kata, na kugombana kwa ajili yake kwenye mfongo. Alichokosa ni ncha yake tu.

Mkazi maarufu wa msitu huo ni mbega, kima mweusi mwenye vazi la manyoya meupe mabegani na mkia wenye shungi jeupe, ambaye hana kidole gumba cha kutajika na ambaye chakula chake kikubwa ni majani. Majani hayana nguvu nyingi na huchukua muda mrefu kusagika tumboni, kwa hiyo mbega hutumia sehemu kubwa ya mchana akiwa amekaa tu. Na tabia hiyo, ambayo kwa binadamu huitwa uvivu, humfanya awe mnyama anayemstahili mgeni mwenye haraka, kwani humkuta alipomwacha. Hali yake ni tofauti na ya tumbili, ambaye hutembelea mifuko ya wageni na kujua biskuti ziko upande gani. Ila mbega hukaa juu sana, na kumtazama kwa muda mrefu kunahitaji shingo imara, mdomo uliofungwa na kofia, kwa kuwa si kila kinachodondoka kutoka mtini ni tunda.

Jambo la viatu lielezwe bila mzaha, ingawa matokeo yake huwa ni mzaha mtupu. Ardhi yenye unyevu ni njia ya siafu, ambao hutembea kwa misafara, na mgeni aliyevaa kandambili husimama katikati ya msafara huo akisikiliza maelezo kuhusu msoo. Siafu hawaumi mara moja. Hupanda kwanza, kwa utaratibu, hadi wanapofika mahali ambapo mtu mwenye heshima zake hawezi kujikuna hadharani, ndipo huanza wote pamoja. Vijana wanaoongoza wageni msituni wamekwisha kuona ngoma za makabila yote ya Tanzania zikichezwa hapo bila mpiga ngoma, na adabu yao ni kubwa: hugeuka, wakautazama mvule.

Nje ya msitu, upande wa chini, huanza majaruba, yaani vipande vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa kingo za udongo ili kushika maji, yakiwa sehemu ya skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi iliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Kingo hizo ndizo njia, tena ndizo njia pekee, nazo zina upana wa unyayo mmoja na utelezi kama wa sabuni. Wanawake wanaopandikiza miche hupita juu yake wakiwa wamebeba mizigo kichwani na kuzungumza; mgeni hupita akiwa amebeba simu tu, na katikati ya picha ya tatu huingia jarubani hadi magotini. Hakuna msiba katika jambo hilo. Hucheka wote, yeye mwenyewe baada ya muda kidogo, na kwa kuwa amekwisha kulowa, mara nyingi hupewa fungu la miche na kuonyeshwa namna ya kuichomeka kwa mstari, kazi ambayo huifanya kwa robo saa na kuisimulia kwa miaka. Safari hiyo yote, kuanzia mjini hadi kwenye mpunga na kurudi, humalizika kwa nusu siku, hata kwa baiskeli ya kukodi, na hakuna wingu linaloweza kuiharibu.

Mkasa wa mwisho hutokea Jumapili, siku ambayo maduka mengi hufungwa na mji huhamia makanisani. Mgeni mwenye heshima huenda ibadani, na jambo hilo ni jema; asichokijua ni mnada. Katika sharika nyingi za miteremkoni, waumini wasio na fedha taslimu huleta sadaka ya mazao, yaani mayai, maboga, kuku, maziwa na mikungu ya ndizi, na baada ya ibada vitu hivyo hupigwa mnada nje ya kanisa, ambapo mkono ulioinuliwa ni ahadi ya fedha mbele ya watu na mbele ya Mungu. Mgeni humwona mtu aliyekaa naye kwenye basi, akainua mkono kumsalimu. Hushangiliwa. Hupewa mkungu wa ndizi unaomfikia kiunoni, na kwa kuwa bei ilipanda kidogo wakati alipojaribu kueleza kwa mkono wa pili kwamba hakukusudia, hupewa pia jogoo.

Kutokana na hayo yote, hukumu ya uchunguzi huu ni kwamba siku mbili hazitoshi kwa mlima wala hazitatosha, na haifai kujaribu tena wiki ya mwisho ya Desemba, ambapo mabasi yote huwa yamejaa Wachaga wanaokwenda kwao, wala Jumapili ya mbio za marathoni mwezi wa Februari, ambapo vyumba huwa vimekwisha. Lakini zinatosha kabisa kwa Rau, mradi siku moja iachwe bila mpango wowote na viatu viwe vya kufunga. Anayetaka kuuona mlima aamke saa kumi na moja na nusu alfajiri, atoke nje, atazame kaskazini, kisha arudi kulala bila kumlaumu mtu. Na anayerudi Jumapili jioni akate tiketi mapema na amuulize kondakta kabisa, kwa sababu mkungu wa ndizi hulipiwa nauli yake mbali na jogoo.